Missa Luba ya Kamina: kilio, kuagana na ngoma ndani ya misa moja

Kamina, Haut-Lomami. Tarehe 23 Machi 1958, katika misioni ya Mtakatifu Bavo hapa Kamina, misa iliimbwa kwa namna mpya. Maneno yalikuwa ya Kilatini, kama ilivyokuwa sheria ya Kanisa wakati ule. Lakini mwendo, sauti na ngoma vilikuwa vya nyumbani. Ndiyo Missa Luba, ambayo santuri yake ya kampuni ya Philips ilisikika mbali sana na Katanga.

Walioiimba walikuwa watoto na walimu wa mji huu. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alikuja Kamina mwaka 1953 kuongoza shule. Akaunda kundi la waimbaji na wapiga ngoma, lililopewa jina la mfalme wa Wabelgiji: Les Troubadours du Roi Baudouin. Lilikuwa na watoto 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15. Mwaka 1958 lilisafiri Ulaya, likaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, hata kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Brussels. Sauti ya mwimbaji mkuu ilikuwa ya Joachim Ngoi, mwalimu wa shule hiyo hiyo.

Juu ya santuri linaandikwa jina la padri. Hata hivyo misa haikuanza kwenye karatasi. Ilizaliwa kwa kuimba na kubuni pamoja, huyu akianzisha, wengine wakijibu, mpaka wimbo ukakaa. Na kila sehemu ilichukua hali ya moyo kutoka wimbo ambao wazee walikuwa nao tayari.

Kyrie, wimbo wa kumwomba Mungu huruma, unafuata kasala. Kwa Waluba wa Kasai, kasala ni maneno ya kutaja ukoo, mashujaa na marehemu, na husikika sana penye matanga. Katika Credo, pale panapotajwa kusulubiwa kwa Yesu, inatangulia ngoma ya kutangaza kifo, kisha kilio. Kwa mtu wa Kamina au wa Kasai, ngoma ile haihitaji kufasiriwa. Imekwisha kumwambia kwamba kuna maiti.

Sanctus ni kitu kingine: inatoka kwenye wimbo wa Kiluba wa kuagana. Ndiyo sababu mwanzo wake ni wa taratibu, kama watu wasiotaka kuachana. Halafu inakuja Hosanna na mdundo wa kucheza wa Kasai, na ngoma zinachangamka. Agnus Dei, mwishoni, imetokana na wimbo wa Bena Lulua, watu wa upande wa Kananga.

Hapo ndipo mtu anaelewa mwendo wa misa hii. Wanaokwenda haraka au polepole hawafuati namba iliyoandikwa juu ya karatasi. Anayelia marehemu hawezi kukimbia, kwa maana kila jina lina haki ya kusikika. Anayeaga anachelewesha neno la mwisho. Anayecheza anafuata miguu. Toni nayo iko hivyo. Hakuna kinanda cha kuwapa waimbaji sauti ya kuanzia: mmoja anaita, kundi linapokea kutoka kwake, ngoma inawashika wote wasipotee.

Haya yalifanyika kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwezi Desemba 1963, haujafungua mlango mpana kwa lugha na muziki wa kila taifa katika ibada. Mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa misa wa majimbo ya Zaire, nchi yetu kwa jina la wakati ule. Kamina ilikuwa imetangulia kwa miaka 30.

Nje ya kanisa, Sanctus ilitumiwa katika filamu ya Kiingereza if.... ya mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikauzwa Uingereza kama wimbo wa kawaida wa soko. Mwaka 1990 kwaya ya Muungano kutoka Kenya, chini ya Boniface Mganga, ilirekodi misa nzima tena.

Jina "Luba" linaweza kumdanganya msikilizaji, adhani ni mali ya ukoo mmoja. Kamina ni njia panda ya reli: njia moja inatoka Lubumbashi, nyingine inapanda Mwene-Ditu na Kananga, nyingine inaelekea Kabalo na ziwa Tanganyika. Nyimbo za Kasai na za Katanga zilikutana katika vinywa vya watoto wale wale.

Reli hiyo hiyo ilipitisha pia machozi. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Wengi walikaa siku nyingi katika vituo vya Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya kuwarudisha Kasai, na wengine walikufa kabla ya kufika. Baadaye vita na ghasia za Katanga ya kaskazini zilihamisha jamaa nyingine nyingi. Kwa familia hizo, misa yenye kilio cha Kasai na kuagana kwa Kiluba si kitu cha makumbusho. Ni ushahidi kwamba matanga ya upande mmoja yaliwahi kuimbwa na watoto wa upande mwingine, bila mtu kuuliza kabila.

Kundi lile lilirekodi pia nyimbo za kawaida. Mmoja ni Lutuku, wa Bena Kanyoka, unaoimbwa watu wanapotoka katika matanga na kurudi kwenye maisha.

Mtoto aliyekuwa na miaka 9 mwaka 1958 leo ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Wapo bado wazee, hapa na katika kambi, wanaojua maneno ya Kiluba na ya Tshiluba yaliyoimbwa kwa sauti hizi kabla ya Kilatini. Simu ya mjukuu inatosha kuyarekodi. Wakati wa kuwauliza ni sasa, wakiwa bado na pumzi ya kuita, na vijana wakiwepo wa kujibu.