Jina Mlangoni: Ufini na Watu Wasio na Makao

Sisi Walutheri wa Afrika Mashariki tunaifahamu Ufini kwa wamisionari wake waliohudumu katika sharika na hospitali zetu. Iko habari nyingine ya nchi hiyo inayotupasa kuijua, kwa kuwa inagusa imani tunayoikiri kila Jumapili.

Mwaka 1967 watu wasio na makao walikufa kwa baridi jijini Helsinki. Vifo hivyo viliwaamsha vijana, miongoni mwao daktari Ilkka Taipale, wakaanzisha vuguvugu la kuwatetea. Mwaka 1986 wasio na makao wenyewe waliunda chama chao, wapate kujisemea. Hata hivyo, msaada uliendelea kutolewa kwa ngazi: mtu alianzia kwenye bweni la dharura, aache pombe, aonyeshe mwenendo mwema, ndipo apewe nyumba. Wengi walianguka njiani wakarudi barabarani.

Mwaka 2007 serikali iliteua watu wanne watafute njia: Dkt. Taipale, mkuu wa huduma za jamii wa Helsinki, mkuu wa taasisi ya kupangisha nyumba, na Eero Huovinen, Askofu wa Kilutheri wa Helsinki. Ripoti yao iliitwa Jina Mlangoni. Kwao nyumba haikuwa tuzo ya mtu aliyekwisha kubadilika, bali mahali pa kuanzia. Apewe mkataba na ufunguo wake, kisha wahudumu wawe karibu naye katika mambo ya afya, kazi na madeni.

Mpango ulianza mwaka 2008. Bweni la Jeshi la Wokovu jijini Helsinki, lililokuwa na vitanda karibu 250, liligeuzwa kuwa nyumba ndogo takriban 80, kila moja na mlango wake. Watafiti wa ndani na wa nje waliupima mpango. Watu waliowahi kulala nje waliitwa kwenye vikao vya kupanga huduma, maana wao walijua kwa nini mtu hukimbia bweni. Majirani walipokuwa na hofu, wahudumu walizungumza nao, na wakazi wapya wakashiriki kufagia mitaa.

Mwaka 1987 nchi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 15,000 wasio na makao. Mwaka 2020 walikuwa chini ya 5,000. Mwaka 2024 idadi ilipanda tena. Kazi ya namna hii haimaliziki mara moja.

Ndugu zetu, tunafundisha kipaimara kwamba tumehesabiwa haki kwa neema, wala si kwa matendo. Baba wa mwana mpotevu alimvika mwanawe joho kabla hajafanya kazi hata ya siku moja. Lakini mlevi au mgonjwa wa akili akibisha hodi usharikani, mara nyingi tunamwambia atengemae kwanza, ndipo tumsaidie. Hapo tunamrudisha kwenye ngazi ambayo sisi wenyewe hatukuipanda.

Tena Askofu Huovinen hakufanya kazi hii peke yake. Aliketi na daktari na watu wanaojua mambo ya nyumba. Basi kamati zetu za diakonia zinapopanga kumjengea mjane au kumhifadhi mgonjwa, zimwite mtaalamu, na zimwite mhitaji mwenyewe aseme anachohitaji, kabla hatujaitisha harambee.