Ua la Buluu na Kodi ya Mwanga

Kiazi chake hutosha kiganjani. Kiangazi chote hulala kwenye udongo mkavu, ukidhani kimekufa. Vuli ikiingia, huchomoza shina jembamba kama uzi, ambalo hupapasa hewani hadi lipate kijiti cha kushika. Halina mikono, hushika kwa vikonyo vya majani. Baridi ikikaribia kuisha, uzi ule hujaa maua ya buluu, rangi adimu katika ukoo wa maua mekundu na ya manjano.

Wataalamu huuita Tropaeolum azureum. Kwao ni Chile, ambako mvua huja na baridi na kiangazi ni kikavu. Mwaka 1840 Veitch, wauza mimea wa Exeter, walimtuma William Lobb, mwana wa Cornwall, akawatafutie mimea Amerika Kusini. Ua hili likafika Uingereza mwaka 1842.

Huko lilihitaji kukingwa na barafu bila kunyimwa jua. Maana yake, kioo. Na kioo wakati huo kilitozwa kodi kwa uzito, hivyo nyumba ya vioo ya kutunzia mimea ilikuwa mali ya matajiri.

Palikuwa pia na kodi nyingine, ya madirisha, iliyoanza mwaka 1696. Jengo la wapangaji wengi lilihesabiwa kuwa nyumba moja, kwa hiyo madirisha yake yote yalijumlishwa. Mwenye nyumba alikuwa na dawa rahisi: aliyaziba kwa matofali. Kodi akaikwepa yeye. Giza na hewa nzito wakabaki navyo wapangaji.

Kwa hiyo, katika nchi moja, kiazi kutoka ng'ambo ya bahari kilipewa jua la Januari, na mtoto wa mpangaji akakosa.

Kodi ya kioo ilifutwa mwaka 1845, bei zikashuka, nyumba za vioo zikaenea. Kodi ya madirisha ilisubiri hadi 1851. Ua lilitangulia kupata nafuu kwa miaka sita.

Lobb alifia San Francisco mwaka 1864, mbali na kwao. Kiazi bado kinapandwa vilevile: chungu, mchanga, vijiti, kioo. Wanaokitunza husema usikimwagilie kinapolala. Subiri uzi.

Ukiona tofali lililoziba dirisha kwenye ukuta wa zamani kule, huenda kuna mtu aliyesubiri nyuma yake pia.