Mambo ya kuzingatia unapochagua skana ya negativu

KABLA ya kamera za dijitali kuenea, picha nyingi za harusi, mazishi na sherehe za shule zilianzia kwenye negativu. Nyingi za negativu hizo zingali zimefungiwa katika mikebe na bahasha, ambako joto na unyevu huzila polepole. Filamu ya asetati ikianza kunuka siki, huwa tayari inaoza, na hali hiyo haina tiba.

Hasara yake si ya familia pekee. Priya Ramrakha, mpigapicha Mkenya, aliuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria. Picha zake nyingi zilipatikana miaka mingi baadaye katika gereji jijini Nairobi.

Anayetaka kuziokoa negativu zake kwa kuzihamishia kwenye tarakilishi sharti kwanza ajue ukubwa wa filamu aliyo nayo. Iliyotumika zaidi ni ya milimita 35, ambayo kila picha yake ina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Baadhi ya skana maalumu za filamu, kama vile Plustek OpticFilm 8200i, hupokea aina hii pekee. Mwenye negativu kubwa za studio za zamani atahitaji skana bapa yenye taa kwenye kifuniko. Skana ya kawaida ya ofisini haifai, kwa kuwa mwanga wake hauipenyi filamu.

Pili, usihadaiwe na tarakimu zilizoandikwa kwenye kasha. Skana bapa inayodaiwa kusoma nukta 6,400 kwa kila inchi huwa haifikii hata nusu ya kiwango hicho. Hata hivyo, nukta 2,400 za kweli zatosha: huzalisha picha ya nukta milioni 7.7, inayoweza kuchapishwa vyema kwa ukubwa wa inchi 7 kwa 11.

Tatu, uliza iwapo skana ina mwale wa infraredi wa kutambua vumbi na mikwaruzo. Mwale huo hupunguza sana kazi ya kusafisha picha za rangi. Lakini haufai kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe, kwani chembe za fedha zilizomo huuzuia, na skana hudhani picha yenyewe ni uchafu. Kwa hivyo, mwenye filamu za aina hiyo pekee hana haja ya kuulipia.

Aidha, vipo vifaa vya bei nafuu vinavyoipiga negativu picha kwa sekunde chache. Vyafaa kwa kutambua kilichomo, ila aghalabu hupoteza maelezo ya sehemu zenye giza na zenye mwanga mkali.

Nikon iliacha kutengeneza skana zake za Coolscan, lakini zilizotumika bado zasifika kwa ubora. Kabla ya kununua, hakikisha waya wake unaingia kwenye tarakilishi yako na kwamba programu ya kuiendesha ipo.

Hatimaye, hifadhi nakala katika sehemu mbili tofauti, na usizitupe negativu. Diski huharibika, negativu iliyotunzwa pakavu na penye baridi yaweza kuskaniwa tena.