Magofu ya Matildaville

Katika mapumziko ya skuli nilifuatana na wajukuu kuzuru hifadhi ya Great Falls, huko Virginia, ukingoni mwa mto Potomac, kiasi cha maili 15 kutoka Washington. Wageni wengi huenda kutazama maporomoko wakarudi. Sisi tulishika njia ya msituni, tukafika penye kuta zilizobomoka na mfereji mkavu uliomea miti. Hapo ndipo ulipokuwa mji wa Matildaville.

Mji huo ulipewa hati mwaka 1790. Aliyeuasisi, Henry Lee, aliupa jina la mkewe, Matilda. Uhai wake ulikuwa mfereji. Mwaka 1785 iliundwa Kampuni ya Patowmack, rais wake wa kwanza George Washington, ili mashua zishuke kutoka bara na unga, tumbaku na chuma. Maji hapo huporomoka futi 76, basi mwamba ukapasuliwa kwa baruti, yakajengwa makingo matano yenye milango ya kuteremshia mashua. Kazi ilikwisha mwaka 1802. Washington alikwisha fariki tangu 1799.

Palikuwa na soko, vinu, kiwanda cha kusubu chuma na nyumba ya wageni. Lakini mto ulipitika mwezi mmoja au miwili tu kwa mwaka, na ushuru haukutosha gharama. Mwaka 1828 mali ikakabidhiwa kampuni nyingine, iliyochimba mfereji wake ng'ambo, upande wa Maryland. Riziki ikahama, na watu wakahama nayo.

Mjukuu mmoja akauliza, "Babu, nani waliochimba?" Nikamjibu: vibarua wa mkataba, na watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Akataka majina yao. Sikuwa na hata moja la kumpa. Akaongeza, "Na kwetu je?"

Nimefundisha tarehe miaka mingi, na swali hilo nililipitia juu juu. Siku ile sikuweza. Nikamwambia kwetu pia walikuwapo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na sheria ya kuondoa utumwa ikaja 1897. Mikarafuu ya mababu tunayojisifia haikujipanda yenyewe.

Basi nawaomba jamaa wanaoandika nasaba zao wawaandike na hao, kwa majina yao, maadamu wangalipo wazee wanaoyakumbuka.

Wabillahi taufiki.