Mali Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu ni wa kweli, lakini mimi ningeuongezea jambo: daftari lisilopangwa nalo hupoteza habari, hata kama hakuna mstari uliorukwa. Mfano wangu ni daftari moja la Unguja ambalo wachache wanalifahamu, nalo ni daftari la bahari.

Katika bandari ya Zanzibar kumewekwa kipimo cha maji ambacho kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1984. Kazi yake ni kuandika maji yamefika wapi, mchana na usiku. Mvuvi wa Malindi aweza kuiona kazi hiyo ni ya bure, maana yeye anajua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi. Maji yetu hujaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti yake hukaribia mita 4. Anayesoma maandishi hayo kama yalivyo ataona kupanda na kushuka tu. Kama bahari yenyewe inainuka kwa milimita chache kila mwaka, hataona.

Watu wa kompyuta kubwa wanaifahamu shida hii. Mashine za IBM za System/360, zilizotangazwa mwaka 1964, na zile zilizozifuata, zilikuja kuwa na utaratibu wa kuandika kila kazi: imeanza lini, imekwisha lini, imetumia mashine kiasi gani. Kumbukumbu hizo hujaa upesi. Mtu akitaka ripoti ya mwezi na kuisomesha mashine mistari yote, ripoti yenyewe huwa mzigo juu ya mashine inayochunguzwa. Basi kila siku kumbukumbu huhamishwa, zinazohitajika huchaguliwa, hupangwa kwa wakati, kisha hujumlishwa saa kwa saa. Ripoti husoma jumla hizo ndogo.

Daftari la bahari huandaliwa vivyo hivyo. Kwanza saa ziwe za aina moja. Saa 7 usiku ya Greenwich ni saa 10 alfajiri kwetu, na anayechanganya hizo mbili amekwisha haribu hesabu kabla hajaanza. Pili, kina kipimwe kutoka alama ileile ya nchi kavu. Tatu, makosa ya chombo yaondolewe, na pengo libaki pengo, lisijazwe kwa kukisia. Hapo ndipo wastani wa saa huzaa wa siku, na wa siku huzaa wa mwezi. Miezi hiyo hupelekwa Liverpool, Uingereza, ambako tangu mwaka 1933 hukusanywa kumbukumbu za bahari za dunia nzima. Tena subira inatakiwa, kwa kuwa mwezi una mzunguko wake wa miaka 18.6 unaobadili maji.

Je, tukishapata wastani, mistari ya mwanzo itupwe? Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, kabla ya alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka karibu na Sumatra. Mchana wake mawimbi yalifika pwani yetu. Dar es Salaam watu walikufa, na Somalia walikufa karibu 300. Kipimo cha Zanzibar kiliyaandika. Lakini siku ile mwezi ulikuwa mpevu na maji ni ya bamvua, kwa hiyo ili kuyaona mawimbi yale ilibidi kutoa kwanza maji yaliyotarajiwa. Katika wastani wa mwezi wa Desemba huyaoni kabisa. Angekuwapo mtu wa kubana matumizi, akabakiza wastani peke yake, shahidi wetu angekuwa amezibwa mdomo.

Mama wa Paje anayelima mwani anataka kujua maji yatakupwa saa ngapi. Mjenzi wa ukuta wa Forodhani anataka siku ambayo maji yalipanda kuliko zote. Mtaalamu wa hali ya hewa anataka miaka 30. Wote wanasoma daftari moja, na kila mmoja anastahili muhtasari wake.

Kufupisha ni lazima, maana hakuna awezaye kusoma kila kitu. Ila anayefupisha anachagua kwa niaba ya watu ambao bado hawajauliza. Na ayahifadhi maandishi ya mwanzo, kwa ajili ya swali lao.