Balbu Iliyoondoka Butembo Bila Kungoja Amri

Tarehe 1 Septemba 2009 nchi za Umoja wa Ulaya zilianza kuifungia mlango balbu ya zamani, ile yenye waya mwembamba unaowaka ndani ya kichupa cha kioo. Zilitangulia za wati 100, na kufikia Septemba 2012 hata zile ndogo za wati 25 zilikuwa zimeingia kwenye marufuku. Wajerumani wengi walikimbilia kununua za akiba wakajaza makabati. Mhandisi mmoja, Siegfried Rotthäuser, aliamua kuikejeli sheria yenyewe: mwaka 2010 aliingiza balbu zilezile akaziuza kwa jina la Heatball, akieleza kwamba hizo si taa, ni vifaa vya kupasha joto chumba ambavyo kwa bahati mbaya hutoa na mwanga. Watu wa forodha hawakucheka. Shehena yake ikazuiwa.

Huku Butembo na Beni, kaskazini mwa jimbo la Kivu Kaskazini nchini Kongo, balbu hiyohiyo ilikuwa imeshaanza kupoteza nafasi bila bunge kukaa wala waziri kutia saini. Aliyeifukuza ni mafuta ya jenereta. Na ukitaka kuelewa ilivyokuwa, anza na giza.

Miji hii miwili iko hatua chache kutoka mstari wa ikweta. Mwaka mzima jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni na kuchomoza karibu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna kiangazi chenye jioni ndefu cha kumpunguzia mtu gharama ya taa. Nusu ya maisha ya mkazi wa huku ni usiku, na usiku huo kwa miongo mingi haukuwa na nguzo hata moja ya umeme wa taifa iliyotoka mbali kuja kuuangaza.

Si kwamba nchi ilikosa umeme. Shirika la taifa, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Bwawa la Inga I likaanza kazi mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982, na kutoka hapo serikali ya Mobutu ikavuta waya wa takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi kulisha migodi ya shaba ya Katanga. Waya huo ulipita juu ya vijiji visivyohesabika bila kuvishushia hata taa moja. Mashariki kulikuwa na Ruzizi I, ya mwaka 1958, iliyoilisha Bukavu na baadaye Goma. Ukitoka Goma kupanda kaskazini kuelekea Lubero, Butembo na Beni, nguzo hazikukufuata.

Watu waliwasha walichokuwa nacho. Maskini alikuwa na kibatari cha kopo, mwenye nafuu alikuwa na chemli, na duka, baa au kanisa lenye ibada ya jioni lilikuwa na karabai inayopigwa pampu hadi ivume. Mafuta yote hayo yalisafiri kwa malori kutoka Mombasa, yakapita Kampala, yakavuka mpaka Mpondwe na kuingia Kasindi. Barabara ikiharibika kwa mvua, au mpaka ukifungwa, kijana wa Butembo anayesomea mtihani wa taifa aliliona hilo kwenye utambi. Asubuhi alikwenda shule na masizi puani. Balbu ya njano, ile ya zamani, ilikuwa ya wachache: misheni zenye mitambo yao, hospitali, na nyumba za wafanyabiashara waliomudu jenereta.

Wafanyabiashara hao wanastahili kutajwa, maana bila wao historia ya taa huku haisimuliki. Butembo ilianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati kampuni ya madini ya Wabelgiji, MGL, ilipoweka kituo chake, lakini jiji tunalolijua limejengwa na Wanande wenyewe kwa kahawa, dhahabu na bidhaa zilizoagizwa moja kwa moja kutoka Dubai na Asia ya Mashariki. Dola ya Mobutu ilipoporomoka katika miaka ya 1990, walishazoea kutengeneza barabara na kujenga shule bila kusubiri Kinshasa. Umeme nao wakataka kuujenga hivyo hivyo. Wakaanzisha SENOKI, kampuni ya kuisambazia Kivu Kaskazini umeme, macho yakiwa kwenye maporomoko ya mto Ivugha, na wananchi wakahimizwa kununua hisa. Vita vya 1996 na 1998 vikaja. Ndoto ya Ivugha ikasuasua, na kila aliyekuwa na uwezo akarudi kwenye jenereta yake.

Hapo ndipo balbu ya njano ilipokutana na adui wake. Mwenye jenereta hakukaa na umeme peke yake. Alivuta nyaya kwa majirani, akauwasha kuanzia machweo hadi saa tatu au nne usiku, akalipwa kwa mwezi. Mita hazikuwapo. Malipo yalihesabiwa kwa idadi ya ampule, yaani balbu: mwenye moja alilipa ya moja, mwenye tatu alilipa ya tatu. Pasi ilikatazwa, jiko la umeme ndio kabisa.

Sasa piga hesabu kama mwenye mtambo. Jenereta ya kilowati moja hubeba balbu 16 za wati 60, kisha inaanza kulalamika na taa za jirani wa mwisho zinageuka rangi ya chungwa. Ukiwapa wateja taa za kuokoa umeme za wati 15, mtambo uleule unabeba 66. Ukiwapa LED za wati 9, unavuka 110, na chumba hakijapungua mwanga. Kwa petroli ileile, mapato yanazidi mara sita. Hakuna mtaalamu wa mazingira aliyehitajika kuja kueleza hewa ukaa. Mteja aliyefunga balbu ya wati 100 kwa siri aligombezwa kama mwizi, kwa sababu kweli alikuwa anaiba: katika kila wati 100, kama 95 zilikuwa zinageuka joto.

Taa za kuokoa umeme, zile nyeupe zilizosokotwa, zilifika kwa njia ileile ya petroli. Mwaka 2007 serikali ya Uganda, ikiwa bado inauguza mgawo wa umeme uliotokana na ukame na kushuka kwa maji ya Ziwa Victoria, iligawa taa kama hizo zipatazo 800,000 kwa wateja wa Umeme, kampuni ya usambazaji, ili warudishe za zamani. Biashara ya Butembo na Beni imefungamana na ya Kampala. Kinachozoeleka kule hakichelewi kuvuka Kasindi. Lakini taa hizo zina zebaki ndani, miligramu chache tu, na zinapovunjika au kuungua huku huishia jaani au bondeni, kwa kuwa hakuna anayezikusanya. Ni nchi za Afrika zilizobeba hoja hii kwenye Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, na Machi 2022, mjini Bali, wanachama wakakubaliana kuziondoa taa hizo hadi mwisho wa 2025. Sokoni zilikuwa zimeshaanza kushindwa bila mkataba huo.

Aliyezishinda ni LED, na hakuingia kwa mlango wa mbele. Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kubuni LED ya bluu, ndiyo iliyowezesha mwanga mweupe. Kufikia wakati huo mkulima wa Lubero alikuwa na uvumbuzi wao mfukoni kwa miaka. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na kijitochi kichwani, na wengi vijijini waliisifia tochi kabla ya kuisifia simu. Kisha zikamwagika tochi za Kichina za bei ndogo, na mafundi wakaanza kuzifumua, wakachomoa vijitaa, wakavifunga kwenye kibao na betri kavu mbili au tatu, wakapata taa ya kuning'iniza darini. Watafiti Gunther Bensch, Jörg Peters na Maximiliane Sievert walionyesha mwaka 2017 kwamba katika nchi kadhaa za Afrika watu wa vijijini waliacha mafuta ya taa kwa namna hiyohiyo, kwa fedha zao wenyewe, bila mradi wa mfadhili kuwaongoza. Walionya pia juu ya betri zilizokwisha, zinazotupwa chooni au shambani. Huku kwetu mashamba ya kahawa na mihogo yanazo.

Sola ikamalizia kazi. Betri ya gari ya volti 12 yenye saa-ampea 100, ukiitumia nusu ili usiiue, ina kama wati-saa 600. Balbu moja ya njano ya wati 60 huimaliza kwa saa kumi. LED ya wati 5 hukaa nayo saa 120. Aliyejinyima mwaka mzima anunue paneli na betri hawezi kuuweka mtaji wake kwenye waya unaochemka.

Kwa Beni kuna jambo lisilohusu bei. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika mji na teritware yake yamebadili maana ya usiku. Marufuku ya kutembea baada ya giza ilikuja, na Mei 2021 jimbo zima likawekwa chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Mama anayefunga kibanda mapema ili awahi nyumbani haulizi taa inakula wati ngapi. Anataka njia ionekane. Ndiyo maana taa za barabarani zenye paneli juu ya nguzo, nyingine zikigharimiwa na MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, zimekuwa hoja ya usalama kwa raia na wanasiasa pia. Nguzo ya namna hiyo haiwezekani kwa balbu ya zamani. Ingehitaji paneli kubwa kuliko paa la kibanda chenyewe.

Sheria iliyogusa taa za huku kwa kweli haikutaja balbu. Ni ile ya Juni 2014 iliyovunja ukiritimba wa SNEL na kuruhusu kampuni binafsi kuzalisha na kuuza umeme. Hifadhi ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilikuwa imeshatangulia: mwaka 2013 mtambo mdogo wa kilowati 400 hivi ulianza Mutwanga, chini ya Ruwenzori katika teritware ya Beni, na kiwanda cha sabuni kikafuata. Mutwanga II ikaongeza megawati 1.4. Luviro, katika teritware ya Lubero, ni ya megawati 14.6, ikilenga Lubero na Butembo. Mita za kulipia kabla zikaingia, na zikamkuta mwananchi aliyekwisha kujifunza kuhesabu wati kwa jenereta. Manung'uniko ya bei ya umeme yamekuwa mengi, na sioni ajabu: aliyelipa kwa ampule anajua kila senti inakwenda wapi.

Balbu ya njano yenyewe bado unaikuta. Butembo iko juu, kama mita 1,800, usiku una baridi, na kifaranga wa siku moja hufa kwa baridi hiyo. Mfugaji hutundika balbu ya wati 60 juu ya boksi la vifaranga, akaitumia kwa zile sehemu 95 ambazo kila mtu mwingine anazichukia. Mzaha wa Rotthäuser huku ni ufugaji.

Kilichobaki kibovu ni ubora wa hizo LED. Kuchezea umri wa taa si jambo jipya: mwaka 1924 kampuni kubwa za balbu zilikutana Geneva zikaunda umoja wa Phoebus, zikakubaliana balbu isiishi zaidi ya saa 1,000, na kiwanda kilichotengeneza za kudumu kikatozwa faini. Leo boksi la LED linaahidi saa 15,000, yaani kwa saa nne kila jioni ni zaidi ya miaka kumi. Ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, OCC, ina watu wake mpakani Kasindi, lakini umri wa taa hauonekani kwa kufungua kontena. Hasa kwenye zile zenye betri ndani, zinazoendelea kuwaka umeme unapokatika, ambazo sasa kila nyumba inazitaka: kitu cha kwanza kufa humo ni betri. Muuzaji ana soketi yake mezani. Ataichomeka mbele yako, utaona inawaka, utalipa. Ikizima wiki ijayo, usirudi na boksi.