Ebimeeza

Ebimeeza (umoja: ekimeeza) ni midahalo ya redio iliyorushwa moja kwa moja kutoka baa na kumbi za burudani nchini Uganda, ikianza mwaka 2000 kupitia Radio One ya Kampala. Uzito wake ulitokana na utaratibu: mwananchi alijiandikisha, akasubiri zamu, kisha akapewa dakika chache kwenye maikrofoni, mara nyingine mbele ya mbunge aliyekaa meza ya jirani. Hivyo raia wa kawaida aliacha kuwa msikilizaji tu, akawa mjenga hoja anayewajibika kwa kauli yake hadharani.

Wakosoaji walidai kuwa jukwaa lilitawaliwa na wanaume wasomi wa mjini, na kwamba uchochezi hauchujiki hewani. Dai la kwanza lina ukweli, ingawa Mambo Bado, mdahalo wa aina hiyo wa redio CBS ulioendeshwa kwa Kiganda, ulipanua uwanja. La pili lilishinda Septemba 2009, serikali ilipopiga marufuku midahalo hiyo wakati wa ghasia zilizozuka katika ufalme wa Buganda. Hata hivyo, mchochezi anaweza kushtakiwa peke yake; kufunga jukwaa zima kuliwanyamazisha pia waliojadili kwa staha.